Pikipiki Tatu za Kijani

Watu wakinisikia nikisema kwamba niliwahi kuwa mwendeshaji wa mbio za pikipiki, tena wakati wa Mwingereza, hucheka. "Mzee, acha hizo!" Basi na wacheke. Pale Tororo, chini ya ule mwamba, kulikuwa na gereji ya Mhindi mmoja aliyependa mbio kuliko chakula. Alikuwa na pikipiki tatu za kurukia mitaro na kupasua matope, na waendeshaji watatu. Mimi nilikuwa fundi wao. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kukaza nati na kuwatazama wenzangu wakiondoka. Niliwaonea wivu, sioni haya kusema. Nilitaka kiti kimoja katika vile vitatu kuliko nilivyotaka mke.

Kiti kikapatikana, ila si kwa njia niliyoiomba. Mwendeshaji wetu wa kwanza, Msamia wa Lunyo, alianguka siku ya mazoezi kwenye mtaro ambao alikuwa akiuruka kila siku. Aliangukia upande wa kushoto, pikipiki ikamlalia kifuani, fremu ikapasuka chini ya kiti. Alikata roho kabla hatujamfikisha hospitali. Alikuwa mtu wa mzaha yule, kila mtu gerejini alikuwa na utani naye. Tulimzika kwao, tukarudi kazini, na hakuna aliyetaka hata kuisogelea pikipiki yake.

Na msimu ulikuwa unakuja. Pamba ikishavunwa, timu za Wazungu na Wahindi zingekuja kutoka Jinja na Kisumu, na tajiri wetu alikuwa ameshatangaza kwamba mwaka huu kombe ni letu, mtu apende asipende. Kiti cha marehemu akanipa mimi. Wa pili alikuwa mtu wa Petta, mpole, mkewe mja mzito. Wa tatu alikuwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, haogopi kitu duniani isipokuwa maiti. Wote wawili wakagoma.

"Chuma kilichoua mtu hakipandwi hivi hivi," alisema yule wa Petta. "Na sisi, tajiri, hatujui mwaka huu pikipiki hiyo utampa nani. Ngoja watu wake waje wamtoe humo kwanza."

Tajiri hakuwa na subira ya kungoja mtu. Jumapili moja, wenzangu wakiwa kanisani, aliniita tukafunga milango. Niliichomelea ile fremu. Kisha nikazifungua pikipiki zote tatu na kuzichanganya: tangi la hii nikalifunga kwenye ile, magurudumu ya ile nikayafunga kwenye hii, injini nazo zikahama. Zote nikazipaka rangi moja ya kijani. Nilipokuwa nikizifunga, tajiri aligeukia ukutani ili naye asijue. "Sasa hakuna tena pikipiki ya marehemu," akasema.

Aa wapi! Ukipitisha kidole chini ya kiti, mshono wa kuchomelea ulikuwepo palepale, chini ya rangi, na kidole changu kiliujua. Jumatatu wenzangu waliponiuliza, niliapa mbele yao: "Haki ya Mungu, hata mimi mwenyewe siijui." Tukaambiwa tuchague. Nikawahi mimi, askari akafuata, na yule wa Petta, kwa upole wake uleule, akachukua iliyobaki.

Siku ya tatu alinijia. "Fundi, hii yangu inanivuta kushoto."

"Spoku hizo," nikamjibu. Nikakaza spoku ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Wiki iliyofuata akasema anasikia uzito nyuma yake, kama amempakia mtu, na akigeuka haoni kitu. Nilimcheka kwa sauti, nikamwambia huo ni uzito wa mimba ya mkewe. Jioni, gereji ikiwa tupu, nikapitisha kidole chini ya kiti chake; mshono ulikuwa palepale.

Mchana mmoja mama wa marehemu akaingia. Alikuwa ametoka Lunyo kwa miguu, rozari shingoni, kuku mwekundu kwapani, chupa ya pombe ya wimbi mkononi. Kwao, mtu akiuawa na chuma ugenini, mama yake huja kumwita kutoka kwenye chuma kile ampeleke nyumbani. Alisema padri amemkataza, lakini padri siye aliyemzaa.

"Mwanangu ananijia ndotoni," akasema. "Ananiuliza, mama, mbona hamji kunichukua? Nionyesheni pikipiki yake."

Wote wakanitazama. Yule wa Petta alikuwa ameikalia ileile, hatua nne tu kutoka nilipokuwa, anafuta tope kwenye tangi. Ilikuwa kazi ya kuinua kidole basi. Lakini ningeinyooshea, angejua kwamba niliapa uongo, kwamba nilimwachia mauti yeye mwenye mke mja mzito ili mimi nipone. Ningefukuzwa kwenye timu siku ileile, hata mbio moja sijakimbia.

"Ni hii, Mama," nikasema, nikashika usukani wa yangu. "Naipanda mimi."

Wee! Yule wa Petta alishuka mbio akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe ulikuwa unajua, ndugu yangu! Ukajitwisha mwenyewe, ukatuficha!" Machozi yalimlengalenga.

Mama akachinja kuku, damu akaipaka kwenye gurudumu, pombe akaimimina juu ya tangi. Akamwita mwanawe kwa jina mara tatu. Kisha akainama, akalaza shavu kwenye kiti. "Toka humo, baba. Twende. Umekaa kwa watu vya kutosha." Alimbembeleza hivyo kwa muda mrefu, mpaka yule askari wa Burma akalia. Nami nimeshika usukani wa pikipiki isiyo na mtu ndani yake, nasikia aibu.

Alipoinuka aliniita mwanangu, akanibariki. Tajiri naye palepale akachukua chaki akaandika orodha ya msimu ubaoni, mimi nikawa wa kwanza. Alisema kwa moyo kama huo kombe litalala Tororo.

Kwao, ukishamwita marehemu hugeuki nyuma. Unaongea naye njia nzima asipotee. Mama alitoka mlangoni akiongea. "Hapa pana mtaro, baba, angalia mguu. Hapa tunashika njia ya Busia. Lumino tutapumzika kidogo." Sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Yule wa Petta akawasha pikipiki yake aende mazoezini. Nilimwona alivyokaa: alikuwa amejisogeza mbele kwenye kiti, na nyuma yake pamebaki nafasi ya mtu.

Nilisimama mlangoni. Mama alikuwa na miguu, mimi nilikuwa na pikipiki, na ningemfikia kabla hajaumaliza mji. Sauti yake nilikuwa naisikia bado, inamwonya mtu juu ya jiwe barabarani. Sikwenda.