Chebet Alikuwa Amefungwa, Mimi Nikapika Chai

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka macho yangu yanaangalia chini. Nasikia ninyi watu wazima wa siku hizi mnajifunza kwa simu mambo ya kufungana kamba chumbani. Mlidhani ninyi ndio mmeanzisha? Ehe! Ngoja nikwambie, maana mficha uchi hazai.

Tulikuwa tunaishi Kuresoi kwenye nyumba ya mbao, mimi na mke wangu Chebet, tumeoana juzijuzi tu. Ulikuwa mchezo wetu wawili, na yeye ndiye aliyeutaka kwanza. Shida ni kwamba mimi, mtoto wa wafugaji, nilijua fundo moja peke yake, lile la ndama, ambalo akivuta linazidi kukaza. Kamba nayo ilikuwa ile nyembamba ya nailoni ya kufungia magunia ya viazi. Nikamfunga mikono nyuma, juu kidogo ya viwiko. Mkasi hatukuwa nao, wala hatukuwa tumepatana lolote. Ujinga mtupu.

Baada ya kitambo akasema, "Wewe, mkono umekufa ganzi. Nifungue."

Nikashika fundo, na papo hapo nikasikia, "Hodi! Bwana asifiwe!" Watu wa kanisa, wamekuja kwa maombi ya nyumbani, nami nilikuwa nimesahau kabisa.

"Nifungue kwanza," Chebet akanong'ona.

"Nyamaza, watasikia!"

Mwanangu, nilitoka nikamwacha hivyo. Nikafunga mlango wa chumba, nikawaambia wageni ana homa, amelala. Na kwetu mgeni haondoki bila chai, unajua mwenyewe, kwa hivyo nikabandika sufuria. Wakanywa, wakaongea habari ya mvua na bei ya viazi. Halafu mama mmoja akasema, "Kama mke wako ni mgonjwa, hebu tumwombee." Wakaomba, mmoja baada ya mwingine, Mungu amponye. Nami nikawa naitikia Amina, na Chebet yuko nyuma ya ukuta wa mbao ameuma blanketi ili heshima yangu isianguke. Hakuwa mgonjwa, mimi ndiye niliyekuwa nikimfanya awe mgonjwa.

Walipoondoka, fundo lilikuwa limekaza halifunguki. Nikakimbilia kisu cha jikoni, nikakata. Kiganja chake cha kulia kikaning'inia tu. Akijaribu kukiinua, hakiinuki.

Tukakaa siku kadhaa tukijidanganya kitapona. Majirani wakanikuta nakamua ng'ombe, kazi ya Chebet, wakacheka, nikacheka nao. Mwishowe tukashuka hospitali Molo, na huko nako nikadanganya eti ndama alimvuta. Muuguzi, mama wa makamo, akatazama alama kwenye mikono yote miwili, akaniambia nitoke nje. Aliponiita tena, Chebet alikuwa amesema ukweli.

"Mkifungana mkiwa mmekubaliana, hayo ni yenu," muuguzi akaniambia. "Lakini huyu alikuomba msaada, ukapikia wageni chai."



Mkono ulirudi, lakini nusu. Hata kikombe kilichojaa haukiwezi, kwa hivyo Chebet huwapa watu kwa mkono wa kushoto, na wageni humwona hana adabu. Miaka yote hiyo mimi nilitazama sahani yangu tu. Mwezi uliopita shemeji yake mmoja akakataa chai yake mbele ya watu. Hapo ndipo niliposema, "Pokea. Mkono wa kulia niliuharibu mimi." Chebet akaingia jikoni, nikamsikia analia.

Basi sikiliza. Ongeeni kabla, bila pombe kichwani, na asiyetaka asilazimishwe, maana hapo si mchezo tena, ni kumdhulumu mtu. Chagueni neno moja ambalo likitamkwa kila kitu kinasimama. Kamba iwe laini, uizungushe mara kadhaa ilale bapa, kidole kipite chini yake, na fundo lisiwe la kukaza. Shingoni usiguse kabisa. Ogopa kwapa, ndani ya kiwiko, kifundo cha mkono na pale juu ya kiwiko nilipokosea mimi. Mkasi wenye ncha butu uwe karibu na mkono wako. Muulize kila mara, mwambie akunje vidole. Akisikia ganzi, ubaridi au kuchomachoma, kata hapo hapo, kamba itanunuliwa nyingine. Aliyefungwa haachwi peke yake, hata kidogo. Na mkiumia, nendeni hospitali siku hiyo hiyo mseme ukweli, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua.

Mungu akupe mikono myepesi, mwanangu, na masikio mepesi zaidi. Yule umpendaye akikuita, hata kama mchungaji amesimama mlangoni, mwache asimame.