Baba Haitikii Shikamoo Yangu, Sasa Anamtaka Mwanangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku milimani Lushoto tunajuana hadi ukoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina binti mmoja wa miaka saba. Nimezaliwa Magamba, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Miaka tisa iliyopita niliolewa Vuga na mwanaume Mwislamu, nikabadili dini kwa hiari yangu. Tangu siku ile baba hajawahi kuitikia shikamoo yangu. Namwamkia, anaangalia pembeni kama kapita kuku. Marahaba ya mzazi unaiona kitu cha bure mpaka siku utakayonyimwa.

Mwezi wa sita akatuma ujumbe kwamba anamtaka mjukuu wake likizo. Nililia kwa furaha. Mume wangu akasema, "Damu ni damu, mpeleke." Nikampeleka. Baba alimpokea mtoto begi, mimi hata kunitazama hakunitazama.

Mtoto alirudi na habari moja tu: katuni. Ni katuni ya Wakristo wa kwanza, wanajificha mapangoni, askari wanawasaka, na wakikataa kupigia goti sanamu wanatupwa kwa simba. Sikuona ubaya. Hata mimi nimekulia kwenye hadithi hizo.

Asubuhi yake akagoma kumwamkia bibi yake. Kwa mama mkwe wangu mtoto wa kike anaamkia kwa goti, na binti yangu kafanya hivyo tangu ajue kutembea. Siku hiyo kasimama wima: "Sipigi goti, hata mkileta simba!" Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Simba atoke wapi hapa, mjukuu wangu? Mimi nina mbuzi tu." Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Jioni namsuka, akaniuliza, "Mama, simba wako alikuwa mkubwa?"

"Simba gani?"

"Kwenye katuni kuna mwanamke aliogopa simba akawakana wenzake. Babu akaisimamisha, akaniambia huyo ndo mama yako."

Kitana kilinidondoka. Jamani, mimi sikuona simba yeyote! Nilimpenda mtu, basi. Kama ni mateso, aliyenitesa ni baba mwenyewe, miaka tisa, kwa kunyamaza tu.

Nikampigia simu. "Shikamoo baba." Kimya. "Baba, umemwambia nini mwanangu?" Akajibu taratibu kabisa, "Nimemwonyesha katuni ya watoto. Desemba mlete akae likizo yote. Ukimleta, nitakuitikia."

Mume wangu anajua tu kwamba babu anamtaka mtoto Desemba; habari ya simba sijamwambia, najua atamkataza mtoto asikanyage tena Magamba. Mama mkwe naye hajui zaidi ya safari. Huyu ameniitikia marahaba kila asubuhi miaka yote hii bila kunidai chochote, na juzi kamnunulia mjukuu sweta, eti Magamba kuna baridi. Nashindwa kumtazama usoni. Na aibu kubwa zaidi ni hii: jana nimeshafua nguo za mtoto za safari.

Ndugu zangu, niambieni ukweli hata kama utauma. Nimpeleke mwanangu akafundishwe kunidharau ili mimi nisikie neno moja la baba yangu, au nikae nalo jeraha langu mpaka mmoja wetu azikwe? Nishaurini, maana safari hii simba namwona kabisa.