Chai Niliyowachemshia Wapanda Miti

Jamani, bado naona haya. Tulitoka Nengo, mimi na familia yangu, tukalala kwenye hema kando ya msitu wa hifadhi, ili asubuhi tufanye umuganda, kazi ya pamoja, na wanakijiji: kupanda miti. Kulipokucha nikakuta vijiti vikavu vimechomekwa ardhini. Nikadhani wageni waliopita wameviacha. Laiti ningeuliza! Niliving'oa vyote, nikawashia moto, nikachemsha chai, na wanakijiji walipofika na majembe, nikawamiminia kwa mbwembwe.

Mama aliyewaongoza akapuliza kikombe, akatazama uwanja mtupu.

"Bon, vijiti vyetu viko wapi? Jana tulipima siku muzima, tukaweka kijiti kila pahali muti utapandwa!"

Nikainama. Binti yangu akajibu kwa adabu:

"Mama, Papa alivichoma kuchemshia hiyo chai."

Vikombe vyote vikashuka.