Msusi na Vinyume Vyake

Msusi wangu husuka huku akijifunza Kiingereza. "Dada, nipe neno," huniambia, nami humtajia moja ili atafute kinyume chake. Akilijua, vidole vyake hupita kichwani mwangu kama maji. Likimshinda, huzivuta nywele mpaka nyusi zinanipanda. Kichwa changu ndicho kinacholipia. Binti yake humsahihisha kutoka chumbani, wala hachungulii.

Jana binti alikuwa humo akipanga sanduku, maana amepata kazi ng'ambo. Bila kufikiri, nikamtajia mama mtu "ondoka" kwa Kiingereza. Vidole vikasimama. Akageukia mlango wa chumba.

"Baki," akasema kwa Kiingereza, taratibu.

"Umepata, mama!" binti akaitikia, akavuta zipu ya sanduku.