Choki Niliyoing'oa

Baba alipofariki sikulia. Nilishika jembe makaburini, nikapokea wageni, kisha nikabaki na mama nyumbani, mtaa wa Mtanda. Sikuhisi kitu, wala sikujilaumu.

Mama alikuwa amekaa eda, hatoki nje. Chakula alikuwa anakionja tu na kusukuma sahani, na hilo ndilo lililonitisha. Wiki ya tatu akaniomba jambo moja: niiwashe amplifaya ya baba, ile ya zamani ya valvu. Ilikuwa imekufa tangu baba alazwe.

Mimi ni fundi, tena fundi mwenye dharau. Nilipoifungua niliguna. Kilichokufa kilikuwa kapasita tu, nikaibadilisha. Lakini mahali pa choki ya kulainisha umeme, baba alikuwa amefunga choki ya taa ya tyubu! Choki ya taa hulemewa na kazi hiyo, na mashine hunguruma. Aliyenifundisha ufundi, kumbe kwake mwenyewe kalipua kazi. Choki yenyewe ilikuwa nzima, ila sikuweza kuivumilia. Nikaing'oa, nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma.

Nilikuwa na choki mbili za kuchagua. Moja ilikuwa nyepesi, waya wake mwembamba. Ingechemka kabla ya saa moja kuisha. Nyingine ilitoka kwenye redio kol mbovu ya mawasiliano ya misheni, kule Kipatimu: nzito, waya mnene, yenye kuhimili volti mia tano. Nikachukua hiyo. Wakati wa kuifunga nilisahau kumwaga umeme uliobaki kwenye kapasita, ukanipiga mpaka begani. Nikanywa maji, nikaendelea.

Alasiri nikaiwasha, nikaweka kaswida. Sauti ilitoka safi kabisa. Mama alisikiliza akitazama ukuta.

"Mbona haingurumi?"

"Nimeitengeneza, mama."

"Kaswida zilikuwa hazinifikii jikoni, mwanangu. Nilikuwa nasikia ule mngurumo tu ukutani, najua baba yako karudi, napakua."

Nilikwenda kwenye ndoo, nikaitafuta choki ya taa, nikaipangusa na kuirudisha mahali pake. Nikawasha tena. Ukuta ukaanza kunguruma.

Mama akainuka kwenda jikoni. Akarudi na sahani tatu, akaziweka mkekani. Alikula yake yote. Nami nikamaliza yangu, kisha nikala ya baba, nikilia.