Mama wa Ufunguo

Katika nyumba ya jumuiya pale Makiso, ambako kila mtu hujitolea kazi siku yake ya zamu, mama wa ufunguo ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa utepe wa kitenge kuukuu, na akizungumza mkono wake uliupapasa kama ulimi unavyopapasa jino lililolegea. Hakuwa na maneno mengi. Lakini aliyeinuka akaacha kiti uani alisikia sauti kutoka jikoni: "Kiti iko na miguu ine, lakini haijue kutembea!" Hata mwalimu wa chuo alirudi kukibeba mpaka mahali pake.

Mwezi uliopita msiba ulimpeleka Yanonge wiki mbili. Ufunguo alimwachia Chimène, fundi wa cherehani, shingo upande. Ndani ya mtumbwi wa kurudi alikwisha kupanga maneno yote ya kugomba: majani mlangoni, mitungi mikavu, watu wametawanyika. Alipofika, ua ulikuwa umefagiwa, mitungi imejaa, vyerehani vinanguruma. Mkono ukapanda shingoni, usikute kitu.

"Hodi," akasema, kwa mara ya kwanza mlangoni hapo.

Wenzake wakamkalisha kitini uani, wakampa chai. Akanywa, kisha akainuka kwenda kukagua jikoni.

"Mama!" Chimène akaita, macho bado kwenye sindano. "Bon, kiti iko na miguu ine, lakini haijue kutembea."

Mama wa ufunguo akarudi, akakibeba. Ufunguo hajaudai mpaka leo.