Dada Aliniletea Mwanawe Nimnyonyeshe, Akagoma Kumgusa

Jamani, mwenzenu nimewahi kuletewa mtoto mlangoni kama mzigo.

Na aliyemleta ni dada yangu wa tumbo moja.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafua nepi za mwanangu Bonge, ambaye naye alikuwa bado mchanga. Dada akaingia bila hodi, akamlaza binti yake mapajani kwangu, kisha akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Mnyonyeshe. Kuanzia leo hanyonyi kwangu."

"We dada, umegombana na shemeji?"

"Mnyonyeshe kwanza, ana njaa."

Nikamnyonyesha, ningefanyaje? Kidoti, tulivyozoea kumwita kwa sababu ya alama yake shavuni, hakuwa na hata jino moja. Alinyonya mpaka akasinzia. Nikamnyanyua nimrudishie mama yake.

Dada akaficha mikono mgongoni.

"Hapana. Abaki hapa hapa."

Huyu ni mtu aliyehangaika kutafuta mtoto mpaka mawifi wakamchoka. Leo anamkimbia?

Mtaa haukukawia. Wengine wakasema amechanganyikiwa, wengine amepata bwana. Shemeji, fundi makochi mpole asiyejua kugomba, akawa anapitia kwangu akitoka kazini, anambeba mwanawe kimya kimya mpaka namwonea huruma.

Dada naye alikuja kila siku, ila alikuwa anaishia dirishani. Anamtazama mtoto, anajifuta machozi, anaondoka.

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nikamvuta ndani nikafunga mlango.

"Leo unaniambia. La sivyo mwanao utamkuta barabarani!"

Ulikuwa uongo, lakini nilikuwa nimefura kwa hasira.

Akafungua vifungo vya blauzi. Titi la kushoto lilikuwa gumu, ngozi imebonyeabonyea kama ganda la chungwa. Kumbe hospitali walishamwambia ni saratani, na kwamba aache kunyonyesha ili aanze dawa.

Nililia, nikalia tena. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Sasa dawa zinakuzuia hata kumbeba?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Dada alikuwa mtunza panya kwenye kituo cha utafiti. Kazi yake ilikuwa kubadilisha maranda kwenye maboksi yao, kuwapa maji na kutunza wanaozaa. Sisi tulimtania, tukamwita Mama Panya, naye hakukasirika.

Kule kazini walikuwa na panya wenye kirusi kinacholeta saratani ya matiti, na kirusi hicho kinapita kwenye maziwa. Wakizaa, watoto wanatolewa haraka kabla hawajanyonya, wanapelekwa kwa panya mwingine aliyepimwa akaonekana msafi. Wakishahamishwa hawarudi. Na wewe uliyeshika boksi la mama mgonjwa huruhusiwi kuwagusa kwa glavu zile zile.

"Mdogo wangu, mimi ndiye boksi la wagonjwa," akasema. "Nimeshamnyonyesha vya kutosha. Nisimwongezee."

"Daktari ndiye aliyekwambia hivyo?"

"Nimefanya kazi hii tangu hujaolewa. Nimuulize nini?"

Halafu akanishika bega. "Na wewe nenda kapime. Mama mlezi anapimwa kwanza. Nilikuharakisha, na hilo linaninyima usingizi."

"Kwa hiyo na mimi ni panya?"

"Panya mnene," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka.

Nikaenda kupima ili anyamaze tu. Sikuwa na maumivu, sikuwa na chochote.

Muuguzi akanipapasa huku tukipiga soga za watoto. Alipofika karibu na kwapa akanyamaza. Akarudia, kisha akamwita mwenzake.

Nikapigwa picha. Wakachukua kinyama kidogo, tukasubiri majibu.

"Ni saratani," daktari akaniambia. "Lakini tumeiwahi."

Dada alikuwa amekaa pembeni yangu. Akajipiga kifuani kwa ngumi.

"Basi nimemmaliza mwanangu. Nimemtoa kwenye moto nikamtia kwenye moto!"

Daktari, mama wa makamo, akasogeza kiti chake. Akataka aambiwe kila kitu, na dada akamwambia.

"Kwa panya, uko sahihi kabisa," daktari akasema. "Kwa binadamu bado watu wanatafuta. Wapo wanaosema wameona dalili za kirusi kama hicho ndani ya uvimbe, na wapo waliotafuta wasione kitu. Hakuna aliyethibitisha kwamba kinatuletea saratani, wala kwamba mtoto anaipata kwa kunyonya. Nyinyi ni ndugu, huenda ni ya ukoo. Hilo tutalipima."

"Na kumbeba?"

"Kumbeba? Mama, saratani haiambukizwi kwa kubebana. Ungembeba tangu siku ile."

Dada alitazama mikono yake, kisha akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani.

Tulipofika nyumbani alinawa, akakaa kitandani, akanyoosha mikono. Kidoti alikuwa ameshaanza kutambaa. Nikamweka mapajani kwa mama yake.

Akapiga yowe. Akanigeukia mimi, mikono mbele, analia kama amekabidhiwa kwa mtu wa njiani.

"Mchukue," dada akasema polepole. "Usimtese."

Tulijaribu kila siku, kwa midoli, kwa biskuti, kwa nyimbo. Kidoti alikuja kumzoea wakati dada hana tena nguvu za kumnyanyua. Tulikuwa tunamlaza ubavuni mwake, wanatazamana. Dada alifariki kabla mtoto hajajua kutamka mama.

Mimi niliwaachisha watoto ziwa, nikakatwa titi, nikamaliza dawa, nipo. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine. Woga ule ule uliomnyima dada mwanawe ndio ulionipeleka mimi kupima.

Kidoti sasa yuko shule. Juzi alirudi analia, mwenzake amemwambia mama yake alimkataa. Nikamkalisha nikamsimulia yote, panya, glavu, dirisha.

Akafikiri sana.

"Sasa mama, si angeuliza tu?"

Ndugu zangu, kapimeni. Na jambo likikutisha, hata kama unalijua kwa kazi yako, muulize daktari siku hiyo hiyo, ukiwa bado una nguvu za kumbeba mwanao.